Shona na Yako

Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kumwonyesha mgeni. Chumba kimoja kikubwa cha matofali mekundu, kimegawanywa kwa pazia, mabati juu, sakafu ya simiti iliyopasuka karibu na mlango, na dirisha moja linaloangalia tangi la maji. Malori yakipita barabara ya Mombasa, vikombe vyangu vilikuwa vinagongana kabatini kama meno ya mtu mwenye baridi, na Kibwezi hii ninayoijua mimi haina hiyo baridi. Nimeishi kwenye nyumba nzuri kuliko ile. Hii ya sasa ina vigae sakafuni na choo cha ndani. Lakini nikiota niko nyumbani, naota niko kwenye kile chumba, cherehani yangu iko pale dirishani, na mtu anagonga ukuta kutoka upande wa pili kuniambia chai iko tayari.

Aliyekuwa anagonga ukuta ni mwenye nyumba. Nilimwita Susu, yaani nyanya, kama alivyoitwa na kila mtu pale mtaani, hata na wanaume wenye mvi. Alikuwa na vyumba vitatu kwenye ploti yake. Kimoja alilala yeye, kimoja alijaza magunia na kuku, na cha tatu kikawa changu.

Nilifika kwake nikitoka Nuu, kule Kitui, ambako mvua ilikataa misimu ikafuatana mpaka mbuzi wa baba wakaisha mmoja mmoja. Nilikuwa nimejifunza kushona, na nilikuwa na cherehani ya mtumba iliyofungwa kwa kamba ya katani. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tatu. Mke wa baba hakuwa mtu mbaya, naomba nisieleweke vibaya, alinilisha na akanipeleka shule. Ni vile tu hakuwahi kuniita mtoto wake, na mimi sikumwuliza kwa nini.

Siku hiyo Susu alikuwa ameketi mlangoni anapeta ndengu. Nikamsalimia, nikamwuliza kama chumba bado kiko, akasema kiko. Nikauliza mambo ya mkataba, maana fundi aliyenifundisha kazi alikuwa ameniambia nisiingie nyumba ya mtu bila karatasi. Wuui! Alicheka mpaka ndengu zikamwagika, kuku wakaja mbio.

"Karatasi? Mimi kusoma sijui. Na wewe ukitaka kukimbia, karatasi itakushika mguu? Niambie unakula nini."

"Nakula kila kitu, Susu."

"Hata muthokoi?"

"Hata muthokoi ya jana."

"Basi ingiza hiyo mashine yako, jua litaipasua."

Huo ndio ulikuwa mkataba wetu, na mashahidi walikuwa kuku. Jioni ile alinipakulia muthokoi kutoka chungu chake, mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, yamepikwa na kunde mpaka yakalegea, nikala kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Nuu. Aliniangalia nikila, akaridhika.

Mwanzoni nilikuwa nampa kodi mkononi kila mwisho wa mwezi. Risiti hakukuwa na risiti. Ananyoosha noti, anazifunga kwenye pindo la leso, halafu huyoo, anaelekea dukani kununua unga. Siku moja akasimama katikati ya njia akarudi. "Ebu fikiria," akaniambia, "unanipa pesa mimi, mimi nampelekea yule mzee wa duka. Kwa nini pesa itembee sana hivyo? Twende sisi wote, wewe ulipe huko huko, mimi nibebe." Kuanzia hapo kodi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Mzee wa duka alikuwa Mwislamu ambaye babu zake walitoka Pwani zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, chetu sisi kikiwa na makunyanzi. Susu aliingia dukani kwake kama mtu aliyekuja kukagua. Unga, sukari, majani ya chai, mafuta, sabuni ya mche. Mimi nalipa. Yeye akishabeba kikapu, anawageukia watu wote waliomo na kutangaza, "Nyumba yangu imelipa!" Mzee anacheka, anasema, "Hongera zake, Bi Mkubwa." Watu wakazoea. Mwisho wa mwezi ukipita wanauliza, je, nyumba imelipa?

Na msidhani alikuwa mjinga wa biashara. Kila mwaka alijipandishia kodi kwa kuongeza kitu kimoja kwenye kikapu. Mwaka mmoja mchele. Mwaka mwingine mafuta ya kujipaka, tena ya kopo kubwa. Nikinung'unika ananiambia, "Hamia kwa wenye vigae." Halafu unga ule ule nilioununua anaupika, ananigongea ukuta, tunakula sote. Sasa hapo nani alikuwa anamlipa nani, hata mimi sikujua. Nilijua tu kwamba jioni ikifika kuna mtu atauliza kama nimekula.

Siku aliyoniita mwanawe naikumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa natukanwa. Mteja mmoja alikuwa amekuja na sketi, anapiga kelele mlangoni kwangu kwamba nimemwibia kitambaa na kumshonea gunia. Susu akatoka jikoni na mwiko unaochuruzika uji. "Unamtukana mwana wakwa? Kwangu? Hapa?" Yule mama akashuka sauti mara moja. Na ile sketi, nitasema ukweli, nilikuwa nimeiharibu. Lakini mwana wakwa! Yaani mwanangu. Niliingia ndani nikashusha pazia, nikalia mpaka nikasikia ukuta unagongwa. "Toka huko," akasema, "uji unapoa, na hiyo sketi uirudie vizuri."

Watoto wake wa kuzaa walikuwa miji ya mbali, na mmoja tu ndiye atakayehusika hapa, kifungua mimba, aliyefanya kazi Mombasa. Alikuwa mtu wa adabu. Alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Susu aliiweka simu kwa sauti ya juu ili nami nisikie. Alinisalimia kila mara. Mama yake alipoanza kuumwa miguu, na baadaye kifua, alikuwa akinipigia mimi kuuliza. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Mimi ndiye nilikuwa nampikia uji wa wimbi na kuupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe. Sikuhesabu kama kazi. Na Susu hadi mwisho alikuwa na ulimi wake. Akiniona nimesimamisha cherehani nikae karibu naye, ananiuliza, "Leo mashine haikoromi? Utakula nini, maombi?"

Alifariki asubuhi, jua likiwa limeshapanda, nikiwa nimetoka tu kuteka maji.

Siku za matayarisho ya mazishi, yule mwana mkubwa alikuja chumbani kwangu na kitenge cha zambarau begani. Huku kwetu siku hizi familia haizikani bila sare, watoto wote wa marehemu huvaa kitambaa kimoja ili watu wajue wenye msiba ni akina nani. Nilimpima yeye, nikawapima ndugu zake na wake zao, nikaandika vipimo kwa chaki mezani. Nilipofunga futi ya kupimia akaniuliza, "Na yako?"

"Yangu ya nini?"

"Shona na yako. Kwani wewe si mtoto wa hapa?"

Nikachukua chaki, nikaandika na vyangu. Nilishona zao kwanza, yangu ikawa ya mwisho, na niliishona mara mbili kila mshono kama mtu anayeogopa itafumuka. Siku ya mazishi nilisimama kwenye mstari pamoja nao, zambarau na zambarau. Mwongozaji wa ibada akawataja wote, akafika kwangu, akasema, "Na huyu ndiye mtoto wa mwisho, aliyeletwa na Mungu akiwa mkubwa tayari." Watu wakasema amina. Nilikuwa na majonzi, Mungu ajua, lakini katikati ya majonzi kulikuwa na furaha ndogo imekaa, na sikuionea haya.

Susu alizikwa pale pale kwenye ploti, karibu na tangi. Dirisha langu likawa linaangalia kaburi. Asubuhi nikifungua pazia namwamkia kwa Kikamba, "Nuvoo, Susu?" halafu najijibu mwenyewe, "Nuseo." Watu wamefanya mambo ya ajabu kuliko hayo.

Mwana mkubwa alirudi mwishoni mwa mwaka. Alikaa kwenye kile kiti cha mama yake, akanywa chai niliyompikia, akasema chai ya pale ni ile ile. Halafu akaniambia wamekubaliana na ndugu zake kubomoa vile vyumba vyote vitatu na kujenga nyumba ya wageni, kwa sababu barabara iko karibu na wasafiri ni wengi. Mafundi wangeanza Jumatatu ijayo.

"Jumatatu hii?" nikauliza.

"Hii, dada."

Nikamweleza. Chumba kizima kilikuwa kimejaa sare za shule. Ule ndio msimu wa fundi yeyote wa nguo, shule zinakaribia kufunguliwa, wazazi wamelipa, vitambaa vyao viko kwangu, vingine vimekatwa, vingine bado. Nikamwomba aniache mpaka watoto waingie madarasani. Akatikisa kichwa kwa upole. Alisema anaelewa, lakini mafundi hawangoji. Nilipomwambia basi anipe notisi kama watu wanavyopewa, alinitazama kama nimemtukana.

"Notisi ni ya wageni. Wewe ni dada yetu. Dada anaambiwa, na anasaidiwa kubeba vitu."

Nilidhani tutazidi kuongea. Ijumaa nikaenda sokoni kununua nyuzi na vifungo, nikarudi nikapata kufuli jipya juu ya komeo la mlango wangu, linang'aa kama jino la dhahabu. Ndani kulikuwa na cherehani, godoro, sare za watoto wa watu, na nguo yangu ya zambarau ikiwa imetundikwa msumarini. Mimi nina hasira, sifichi. Nililipiga lile kufuli kwa jiwe mpaka mkono ukafa ganzi. Halikusikia.

Mzee wa duka alinikuta nimekaa juu ya ndoo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti, jiwe si kauli. Inuka twende serikalini." Akamwachia mke wake duka, tukaenda kwa naibu wa chifu.

Naibu wa chifu alikuwa mwanamke wa rika langu, ofisi yake ndogo inanuka maganda ya machungwa. Alimpigia simu mwana mkubwa, naye akaja mara moja, hakukataa wito. Tuliketi kwenye benchi moja, mimi na yeye, mzee wa duka akasimama mlangoni.

"Ni wewe umefunga mlango wa huyu mama?" naibu akamwuliza.

"Ni mimi. Ni nyumba ya mama yangu."

"Umempa notisi?"

"Hakuna mkataba, naibu. Mama hakuwahi kuandikiana na mtu."

Naibu akaweka chungwa chini. "Sikia nikwambie, maana hii kitu naisikia kila wiki. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mtu akikaa kwako kwa ruhusa yako na anakulipa, huyo ni mpangaji, karatasi iwepo isiwepo. Humfungii mlango. Humng'olei bati. Humkatii maji. Unampa notisi, na anayelipa kwa mwezi anapewa mwezi, si wikendi. Akikataa kutoka unaenda baraza la kodi ama kortini. Huendi kwa duka la kufuli."

Nilihisi kama nimepewa maji. Lakini mwana mkubwa hakupandisha sauti. Alisema, taratibu kabisa, na nadhani aliamini kila neno, "Hayo yote ni kweli kwa mpangaji. Huyu si mpangaji. Mimi hajawahi kunilipa kodi. Mama, sijui ni lini alimlipa, wamekula chungu kimoja miaka yote. Tulipomzika mama alivaa sare yetu. Alisimama na sisi, watu wote wakaona, hakuna aliyemlazimisha. Huyu ni dada. Hii ni mambo ya nyumbani."

Naibu akanigeukia. Akasema, "Mambo ya mtu na ndugu zake mimi siwezi kuyaingilia, hayo mtapeleka kwa wazee wa ukoo. Ya mpangaji naweza, na naweza leo. Kwa hivyo niambie wewe mwenyewe. Kwa yule mama ulikuwa nani? Mtoto, ama mpangaji?"

Watu huuliza maswali bila kujua uzito wake. Mimi nilikuwa nimetafuta lile jina tangu darasa la tatu. Nilikuwa nimelipata kwa mwiko wa uji, nikalivaa mbele ya kanisa zima, na ndugu mwenyewe amekaa kando yangu kwenye benchi anasema ni kweli, huyu ni dada. Lakini ndugu huyo huyo ana ufunguo mfukoni. Nikienda kwa wazee wa ukoo wao, mimi wa ukoo mwingine kutoka Nuu, nitasimama wapi? Nani atanitetea? Na watoto wa watu wataingia shule na nini? Nilimtazama, nikitamani aseme kitu chochote, aseme basi tumpe mwezi, yaishe. Angesema hivyo, ningenyamaza nikabaki dada yake mpaka leo. Alikuwa anaangalia sakafu.

"Nilikuwa mpangaji," nikasema.

"Ulikuwa unalipa nini?"

Nikaanza kutaja. Unga. Sukari. Majani ya chai. Mafuta ya kupikia, na ya kujipaka yale ya kopo kubwa. Sabuni ya mche. Kila nilichotaja nilikiona mezani kwake, na kila nilichotaja kikawa kodi. Ile chai ya jioni ikawa kodi. Uchungu niliousikia hapo sijawahi kuusikia tena, na nilikuwa natoa ushahidi wa ushindi wangu.

Naibu akauliza kama kuna mtu anayejua. Mzee wa duka akasogea ndani. "Mimi nasema nililoliona na nililolisikia. Kila mwisho wa mwezi wakija wote wawili. Huyu akilipa, marehemu akibeba, Mungu amrehemu. Na akishabeba akitangaza mwenyewe, 'Nyumba yangu imelipa.' Duka zima tukisikia. Waulizeni majirani."

"Basi hiyo ndiyo kodi," naibu akasema. "Sheria haikusema lazima iwe noti. Bwana, nenda ufungue."

Alikwenda akafungua. Alisimama kando ya mlango nipite, akatoa lile kufuli, akaliweka mfukoni. Jioni hiyo hiyo akaniletea notisi iliyoandikwa vizuri, ya mwezi mzima na siku kadhaa juu yake, mpaka shule ziwe zimefunguliwa. Hakuwa na kinyongo usoni. Alinikabidhi tu na kusema, "Haya, mpangaji. Hiyo ni yako."

Nilishona ule mwezi kama niliyefukuzwa na nyuki. Sare zote zikatoka, hakuna mtoto aliyekosa. Mwisho wa mwezi nilimtumia kodi kwa simu, pesa kamili, na yeye akajibu kwa neno moja, imefika. Nilipita dukani kununua unga wangu mwenyewe, mfuko mdogo. Mzee hakuuliza kama nyumba imelipa. Alinipimia sukari, akanipa na habari za wajukuu wake, na nilimshukuru kwa hilo.

Jambo moja sikulitarajia. Asubuhi niliposhika pazia, nilishindwa kumwamkia Susu. Nilisimama pale na mkono kwenye kitambaa. Mpangaji anamsalimia marehemu mwenye nyumba kwa jina gani? Nikawa naacha pazia limefungwa, nashona kwa taa mchana. Siku ya kuhama nilizunguka nyuma, nikaliondolea kaburi majani makavu, nikamwambia, "Susu, ni mambo ya kufuli tu." Nikabeba cherehani yangu. Wiki hiyo hiyo wakabomoa.

Hapa ninapoishi sasa nina mkataba uliotiwa sahihi, kurasa nzima. Umetaja stima, umetaja maji, umetaja takataka na rangi ya ukuta. Mwenye nyumba simjui sura, ni wakala tu anayekuja. Na ninyi mnaopanga bila karatasi nawaambia kila siku hapa kazini, nikiwa na pini mdomoni: msitoke kwa kuogopeshwa, mkimbilie ofisi ya naibu, mdomo wenu na majirani wenu ni ushahidi. Ningeulizwa tena lile swali, ningejibu vile vile. Mimi si mtu wa kujuta kwa kudai changu. Lakini jioni, saa za chai, huwa nazima cherehani na kusikiliza ukuta, kwa mazoea tu. Upande wa pili kuna kijana wa boda na redio yake.

Mwaka ulipozunguka, mwana mkubwa alikuja hapa ninaposhonea. Familia ilikuwa inaweka msalaba wa simiti kwenye kaburi, na ibada, na chakula. Alikuwa na kitenge begani, safari hii cha bluu. "Hakuna fundi mwingine anayejua vipimo vyetu," akasema. Tulisalimiana vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo, nikamtania, akacheka. Nilipima, nikaandika, nikafunga futi. Halafu nikangoja. Nilijifanya natafuta chaki, nikaitafuta sana, chini ya meza, ndani ya droo. Alisema tu kwamba atazichukua Alhamisi, na kwamba mimi pia nikaribie siku hiyo, wapangaji wote wa zamani na majirani wamealikwa.

Nilishona zote. Nilipomaliza, kitambaa kilikuwa kimebaki, kingi, gauni zima lingetoka humo kama ningebana mikono. Nilikitandika mezani nikakipima mara tatu. Alipokuja kuchukua nguo nikamwambia, "Kitenge kimebaki. Nikufungie?" 

Akaangalia. "Aa, baki nacho. Mabaki si ni ya fundi? Hiyo ni haki yako."

Ni kweli. Ndivyo kazi yetu ilivyo, mabaki ni ya fundi, na hakuna mteja anayenidai. Nilikunja kile kitambaa nikakiweka kwenye droo ya cherehani. Haki zangu zote nimepata kwa ile familia, hata moja haijapotea. Nilichokuwa nakitaka hakimo kwenye haki za mtu. Ni kitu unachopewa tu, ukipewa.

Siku ya msalaba nilivaa nguo yangu ya kanisa, ya kijivu. Pale palipokuwa chumba changu pana ngazi za nyumba ya wageni. Tangi limehamishwa, lakini kaburi liko. Niliketi kwenye viti vya majirani, kando ya mzee wa duka aliyekuja na mkewe, nikaimba nyimbo zote, na nilikuwa sawa kabisa, naapa. Halafu mwongozaji akakohoa kwenye kipaza sauti, akasema, "Sasa ningeomba watoto wa mama wasimame, tuwaone."

Nikainuka. Sikuamua, miguu iliinuka yenyewe, na kiti cha plastiki kikaanguka nyuma yangu. Mbele kule walikuwa wamesimama kwa mstari, bluu kwa bluu, nami huku nyuma kwa majirani nimesimama na kijivu changu, watu wamegeuka kuona nini kimeanguka.

Mzee wa duka akakiokota kile kiti, akakisogeza taratibu nyuma ya magoti yangu, nikaketi.